Walioingia kwa Kutoka

Katika nchi moja ambayo sina haja ya kuitaja, kwa kuwa yenyewe hujitaja redioni kila baada ya saa moja, kulikuwa na Wizara ya Mwonekano. Kazi ya Wizara hiyo ilikuwa kuwaonyesha wananchi mambo waliyokwisha kuyaona, ili sasa wayaone sawasawa. Siandiki haya kwa kuilaumu. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na saba, chini ya serikali nne, na zote nilizitii. Nikiona Serikali imekosea, kwanza hufuta miwani yangu.

Kijiji chetu, Litumbi, kiko mpakani. Mpaka wenyewe ulichorwa zamani na mabwana wawili waliokuwa na rula nzuri na haraka ya kwenda kula. Rula yao ilipita baina ya nyumba zetu na makaburi yetu. Sisi tukabaki huku, na wazee wetu waliotangulia wakabaki ng'ambo ya kijito cha Lukwe, wakawa raia wa nchi ya pili bila kuulizwa. Hatukulalamika. Kila mwaka, mavuno yakishaingia ghalani, tunavuka siku moja kwenda kufagia makaburi, na alasiri tunarudi.

Tuna desturi moja ambayo namwomba msomaji aishike vizuri, maana yote yaliyofuata yalitoka humo. Mtu wa Litumbi anayekwenda makaburini haipi nyumba kisogo. Hutoka kinyumenyume, uso wake ukiielekea nyumba yake, hatua kwa hatua, mpaka kwenye jiwe la mpaka. Hapo ndipo hugeuka na kuvuka kama watu wengine. Maana yake ni nyepesi: anayekwenda kwa wafu huku akiitazama nyumba yake, ameiahidi kurudi. Anayeipa kisogo amehama. Hata akirudi baadaye hupokewa kwa adabu za mgeni; hupewa kiti, hupewa maji ya kunywa, kisha huulizwa habari za kwao.

Koplo Ndimbo, askari wa mpakani kwa miaka kumi na tisa, aliijua desturi hii kama sisi. Siku hiyo husimama nyuma yetu na kutuambia penye shimo. "Bi Mwatumu, kushoto kidogo, kuna kisiki." Kisha huandika daftarini mwake: asubuhi wametoka watu kadhaa, alasiri wameingia watu kadhaa. Nchi ikalala salama.

Mwaka huo alikuja mjukuu wangu Mwasiti. Nilimlea mwenyewe tangu alipokuwa na miaka mitatu. Nilimfundisha kuandika kwa hati inayolala kidogo kulia, kama nilivyofundishwa mimi, na nilimkataza kuandika jambo ambalo hakuliona. Kwa utani wa babu na mjukuu alikuwa akiniita mume wangu, nami nilimruhusu mara moja kwa siku, maana mzaha nao una kipimo chake. Sasa alikuwa mpigapicha wa Jicho la Serikali, gazeti la Wizara ya Mwonekano, na alifika kwa gari lenye dereva. Nilimtembeza kijiji kizima, si kwa majivuno, bali ili kila mtu apate nafasi ya kumwona.

"Mume wangu," aliniambia asubuhi ya safari, akiwa amesimama mbele ya baraza yetu na kamera shingoni, "nendeni kama siku zote. Msinitazame sana."

"Tusikutazameje, nawe umesimama mlangoni petu?" alimjibu jirani yangu Bi Mwatumu, mwanamke wa miaka sabini na mitano aliyekuwa na sufuria ya pilau kichwani. "Au unataka tukugeuzie kisogo, kisha useme tumehama?"

Mwasiti alicheka. Nalitaja hilo la kucheka kwa sababu baadaye ilikuja kusemwa kwamba hakuijua desturi.

Tulikuwa watu mia tatu na kumi na wawili. Nilihesabu mwenyewe, kwa mazoea ya mstarini. Kulikuwa na mikeka, majembe, mifagio na masufuria kichwani, na watoto mgongoni. Mimi nilikuwa karibu zaidi na kamera, kinywa wazi, kwa kuwa nilikuwa nikiwaambia watoto wanyooshe mstari. Mwasiti alipiga picha moja, akainama kuitazama, akapanda gari, akaondoka bila kungoja pilau.

*

Gazeti lilitufikia baada ya siku mbili. Nilivaa koti kabla ya kulifungua. Picha ilijaza ukurasa wa kwanza, na sina budi kukiri kwamba ilikuwa picha nzuri: kila uso ulionekana, hata tundu la kwenye kikoi changu. Juu yake paliandikwa WAINGIA KAMA SIAFU. Chini yake paliandikwa: "Wageni 312 wakivamia nchi kupitia Litumbi. Aliye mbele ni kiongozi wao, akitoa ukelele wa vita."

Nilidhani ni makosa ya kiwandani. Nikachukua kalamu nyekundu, nikakata "wageni" na kuandika "wanakijiji", nikakata "wakivamia nchi" na kuandika "wakienda makaburini". Nikatoa alama mbili kwa kumi, moja ya hesabu na moja ya unadhifu, kisha nikalipeleka gazeti Wizarani kwa posta pamoja na barua ya heshima. Jibu lilikuja upesi. Wizara ilimshukuru mgeni kwa kujifunza lugha yetu hadi kufikia ufasaha ule.

Wiki hiyohiyo Koplo Ndimbo alikuja kwangu akiwa amevua kofia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Koplo. Mbona umekonda?"

"Daftari, Mwalimu. Limerudishwa kutoka Wizarani. Nilikuwa nimeandika kwamba asubuhi mlitoka mia tatu na kumi na wawili, na alasiri mkaingia mia tatu na kumi na wawili. Wanasema picha inaonyesha kwamba asubuhi mliingia. Kwa hiyo nimefuta kutoka, nimeandika kuingia."

"Na alasiri?"

"Alasiri pia mliingia, Mwalimu. Hilo halina ubishi, niliwaona kwa macho yangu."

"Basi tumeingia mara mbili."

"Mara mbili, bila kutoka. Jumla mia sita na ishirini na wanne." Aliizungusha kofia mikononi. "Sasa nimetumwa kuwatafuta wale mia tatu na kumi na wawili wengine. Uniwie radhi, Mwalimu. Niangalie uvunguni?"

Nilimruhusu, kwa kuwa amri ni amri. Aliangalia uvunguni, ghalani, na ndani ya mtungi wa maji. Hakuwaona. Taarifa yake ilipofika mjini, redio ilitangaza kwamba nusu ya wavamizi ni hodari wa kujificha, na kwamba nusu hiyo ndiyo ya kuogopwa zaidi.

Huko mjini, ambako hakuna aliyewahi kukanyaga Litumbi, watu walituona vizuri sana. Mama mmoja aliniona sokoni nikibonyeza nyanya kwa namna isiyo ya kizalendo. Saa ileile bwana mwingine aliniona kwenye kituo cha treni, mwendo wa siku mbili kutoka sokoni pale. Wote wawili walinitambua kwa kinywa. Watu waliokuwa wakiacha milango wazi walinunua makufuli, na walionunua makufuli walianza kuogopa, maana mtu hafungi mlango bure.

Waziri wa Mwonekano alilihutubia taifa. "Ndugu wananchi," alisema, "mimi si mtu wa kuamini maneno. Maneno yanaweza kusema chochote. Lakini picha, ndugu wananchi, picha haisemi ila lile lililoandikwa chini yake." Alipigiwa makofi kwa dakika kumi na moja, na picha ya makofi ikachapishwa kesho yake.

Kisha ikaamriwa kwamba picha yetu itundikwe katika kila shule, na juu yake paandikwe MJUE MGENI. Shule ya Litumbi nayo ilipata yake. Ilitundikwa juu ya ubao nilioufuta kwa mkono wangu miaka thelathini na saba. Mwalimu mkuu mpya, niliyemfundisha kusoma, alinijia na kuniomba kwa unyenyekevu nisipite karibu na uwanja saa za masomo.

"Si kwa ubaya, Mwalimu Mfaume," alisema. "Ni watoto tu. Wanachanganyikiwa wakiona picha inatembea."

*

Ndipo ikaundwa Tume ya Uthibitisho. Kila aliyeonekana pichani alitakiwa athibitishe kwamba si mgeni, la sivyo arudishwe alikotoka, aache nyumba na shamba, wala asikanyage tena upande huu wa jiwe. Tume ilikaa katika darasa lilelile, chini ya picha ileile, nasi tukaketishwa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu.

Nilianza mimi. Nilitoa cheti changu cha kuzaliwa.

"Cheti hiki hakina uso," alisema Mwenyekiti wa Tume, bwana mnene mwenye sauti ya taratibu.

Nikatoa kitambulisho.

"Hapa uso upo, lakini kinywa kimefumbwa. Mtu wa pichani kinywa chake ki wazi. Hebu fumbua."

Nikafumbua. Wajumbe watatu wakasimama, wakatazama ukutani, wakanitazama mimi, wakatazama ukutani tena.

"Ndiye," wakasema. Karani akaandika kwamba mgeni amejithibitisha mwenyewe.

Bi Mwatumu hakuwa na karatasi yoyote. Alivua kandambili, akatoka kinyumenyume kutoka ubaoni hadi mlangoni bila kugusa hata dawati moja, kisha akasimama akiitazama Tume.

"Hivyo ndivyo tunavyotoka," alisema. "Sasa niambie, nilikuwa naingia?"

"Mama," alisema Mwenyekiti, "binadamu mwenye nia njema huenda mbele."

"Baba, leo asubuhi nimekuona ukiagana na Waziri garini. Umerudi kinyumenyume mpaka ukagonga mti. Ulikuwa unamvamia?"

Karani akaandika kwamba mgeni wa pili ni mkaidi.

Hata hivyo Tume ilikuwa ya haki. Mwenyekiti alitangaza kwamba atamsikiliza shahidi mmoja, naye ni aliyepiga picha. Akisema watu hawa walikuwa wakitoka, faili litafungwa, nasi tutabaki majumbani mwetu. Akisema walikuwa wakiingia, askari wako tayari. Shahidi angesikilizwa kesho yake.

Kijiji kizima kilikuja kunipa mkono. Bi Mwatumu alichinja jogoo. Shahidi wetu alikuwa mtoto wetu. Aliwahi kubebwa mgongoni katika mstari huohuo, na kabla hajajua kutembea mbele alikwisha kutembea kinyumenyume.

Mwasiti alifika alasiri ile. Kifuani alikuwa na Nishani ya Jicho Pevu, ambayo Wizara humpa mtu aliyeona lililotakiwa. Nilimkaribisha barazani.

"Shikamoo, babu."

Nilingoja lile neno la utani. Halikuja.

"Marahaba. Yale maelezo chini ya picha aliyaandika nani?"

"Mhariri, babu. Mimi hupeleka picha tu."

"Na kesho utasema nini?"

Alikuna ukingo wa nishani kwa ukucha. "Walitaka picha ya watu wanaoingia. Kabla ya kuja hapa nilikaa wiki tatu kwenye mpaka wa juu. Hakuna aliyeingia, babu. Aliingia ng'ombe mmoja, naye alikuwa wetu."

"Ukatutumia sisi."

"Ninyi mlikuwa mnaitazama kamera. Nilijua itakuwa picha ya siku moja, kesho yake watu wafungie vitumbua."

"Nimekuuliza habari ya kesho, Mwasiti."

"Nikisema mlikuwa mnatoka," alisema polepole, "nitakuwa wa mia tatu na kumi na tatu."

"Ndiyo," nilimjibu. "Hesabu yako ni sahihi."

Alisema atafikiri. Nilimsindikiza hadi garini, nikarudi kula jogoo pamoja na majirani. Waliponiuliza kama nina wasiwasi, niliwaambia kwamba sina, kwa sababu nilijua nilichomfundisha.

*

Kesho yake Mwenyekiti aliingia na picha yenyewe, ile ya kwanza kabisa iliyopelekwa Wizarani. Aliigeuza.

"Nyuma yake pana maelezo," alisema, "yaliyoandikwa na mpigapicha mwenyewe siku alipoileta." Akaiinua ili wote waone.

Nilikuwa dawati la mbele. Miwani ilikuwa mfukoni, wala sikuihitaji. Hati ilikuwa imelala kidogo kulia. Herufi zilishikana mikono kama zilivyotakiwa, na chini ya kila sentensi pameachwa nafasi ya kidole kimoja. Ilikuwa hati yangu, niliyoipitisha katika vidole vyake vidogo nikiwa nimeushika mkono wake kwa mkono wangu. "Wageni 312 wakivamia nchi kupitia Litumbi. Aliye mbele ni kiongozi wao." Mhariri hakuwa ameongeza ila ukelele wa vita.

"Binti Mwasiti," alisema Mwenyekiti, "watu hawa walikuwa wakitoka au wakiingia?"

Bi Mwatumu alinyoosha shingo. Mwasiti hakunitazama mimi niliyekuwa mbele yake. Alitazama ukutani, pale nilipokuwa nimefumbua kinywa.

"Picha yangu inajieleza, mheshimiwa."

"Na mzee huyu aliye mbele, unamfahamu?"

"Namfahamu kwa picha," alisema.

Bi Mwatumu aliniwekea mkono begani, akauacha hapo mpaka faili lilipopigwa mhuri.

*

Tulitolewa siku ya tatu baada ya hukumu, asubuhi. Waziri alikuja tena mwenyewe, kwa kuwa taifa lilikuwa likisubiri picha ya wageni wakirudi kwao. Tulipewa ruhusa ya kuchukua tunachoweza kubeba, kwa hiyo tulibeba mikeka, majembe, mifagio na masufuria. Tukajipanga, na pasipo mtu yeyote kutoa amri, tukatoka kama tunavyotoka siku zote, nyuso zetu zikizielekea nyumba zetu.

Mwasiti alikuwa amesimama palepale aliposimama mara ya kwanza. Mwenyekiti alichungulia ndani ya kamera yake, akashtuka.

"Hawa wanaingia," alisema. "Wageuzeni haraka, Waziri anaangalia."

Koplo Ndimbo alipita mstarini akisihi. "Mama zangu, baba zangu, geukeni kidogo tu, dakika moja, kisha mwendelee mnavyotaka."

"Koplo," alimwambia Bi Mwatumu, "wewe kazi yako ni kuniambia penye kisiki."

Naye Koplo, kwa mazoea ya miaka kumi na tisa, alimwambia. Kilikuwa kushoto.

Hakuna aliyegeuka. Waziri alitazama saa yake. Ndipo Mwasiti alipokuja mpaka nilipokuwa, kamera ikining'inia shingoni.

"Mzee," alisema kwa sauti ya kusikiwa na Waziri, "tunakuomba ugeuke." Kisha akashusha sauti. "Babu, msipogeuka wananihesabia mimi kosa. Nahitaji mmoja tu."

Nyuma ya bega lake niliiona nyumba yangu, na juu ya mlango kibao cha Mwalimu Mfaume, alichokiandika yeye alipokuwa darasa la nne. Herufi zililala kidogo kulia. Kuitazama nyumba ni kuiahidi kurudi, nami sijawahi kuahidi jambo nisilokusudia kulitenda.

Nikafunga vifungo vya koti. Nikageuka, nikaipa Litumbi kisogo, nikatembea mbele kwa mwendo wa paredi, nikiwapita jirani zangu waliokuwa wakirudi nyuma taratibu mmoja mmoja. Walinipisha. Hata Bi Mwatumu hakunisemesha. Nyuma yangu kamera ililia mara moja.

*

Naandika haya nikiwa ng'ambo ya Lukwe, karibu na makaburi, ambayo sasa hufagiwa kila siku. Jicho la Serikali hutufikia huku limefungiwa vitumbua. Toleo la siku iliyofuata lilitangaza kwamba wageni mia tatu na kumi na mmoja wameingia kwa mara ya tatu, tena mbele ya Waziri, na kufanya jumla ya mia tisa na thelathini na watano. Katika daftari la nchi ile, mtu pekee aliyewahi kutoka ni mimi.

Wenzangu wanasema watarudi mavuno yakiingia, na wana haki ya kusema hivyo, kwa kuwa waliahidi. Kila asubuhi husimama ukingoni wakizitazama nyumba zao. Mimi hukaa upande wa pili wa kibanda changu. Siku nitakapowafuata, Bi Mwatumu atanipa kiti, atanipa maji ya kunywa, ataniuliza habari za kwetu, nami nitamjibu kwa adabu.

Katika toleo lilelile palikuwa na picha ya kisogo changu, koti langu na jiwe la mpaka. Chini yake paliandikwa: "Mgeni akirejea kwao. Hakutazama nyuma." Nilikung'uta makombo, nikalitandaza gazeti magotini, nikachukua kalamu nyekundu. Nilisoma maneno yale mara tatu nikitafuta kosa, kwanza la herufi, kisha la maana, kisha la ukweli. Halikuwamo. Nikampa Mwasiti kumi kwa kumi.